Kipunjabi cha Kisimani

Vijana wa karakana, kile kiti cha plastiki mlichonipa siku ya kuniaga ndicho nimekikalia ninapoandika haya, na mguu wake mmoja wa nyuma tayari umeanza kulegea. Mtu aliyechimba visima tangu ujana huzoea kuangalia kitu kimesimama juu ya nini, kwa hiyo niliuona mguu huo hata kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Siku hiyo meneja alivitaja vyeo nilivyopanda, mkapiga makofi, soda zikafunguliwa. Hayo mmekwisha kuyasikia na sitayarudia. Ya mshahara ndiyo kabisa siyagusi, yataniharibia chakula. Nataka kuwaeleza jinsi kazi hii ilivyofika mikononi mwangu, na ilitoka kwa nani.

Niliandikwa miaka michache baada ya Uhuru, nikitoka kwetu kando ya Mwingi na cheti cha shule mfukoni ambacho hakuna aliyekiomba. Yadi ya kampuni ilikuwa Kibwezi, kama ilivyo leo. Mashine zenu zinazunguka na kupuliza hewa, shimo linakwisha hata mpishi hajachagua mawe kwenye maharagwe. Yetu ilikuwa ya kugonga. Ilikuwa na mlingoti wa chuma, kamba nene ya waya, na mwishoni mwa kamba patasi ndefu kuliko mtu. Injini inaiinua patasi, inaiachia, inaiinua, inaiachia, kutwa nzima, na huko chini jiwe linasagika kidogo kidogo. Unamwaga maji shimoni ili unga wa jiwe uwe uji, kisha unauteka uji huo kwa ndoo ndefu ya bomba. Mwamba ukiwa mkali mnashuka urefu wa mkono kwa siku, na jioni mnashukuru.

Aliyeiendesha alikuwa Kalasinga, Mpunjabi wa kilemba na ndevu za kufungwa kwa wavu, jina lake Pritam Singh, nasi sote tukimwita Mistri, yaani fundi. Aliletwa nchi hii akiwa mtoto wa mgongoni, babake alipofuata kazi za reli. Kiswahili alikiongea kwa kukikanyaga, Kikamba alikiongea vizuri kuliko karani wetu aliyezaliwa Machakos. Akinywa chai na wazee wa kijiji alitaniana nao kwa Kikamba mpaka wanawake wanaficha nyuso. Lakini injini ikishanguruma, lugha hizo mbili zilimtoka kichwani. Mtu akishtuka hupiga kelele kwa lugha ya mamake, na juu ya shimo Mistri alikuwa mtu wa kushtuka tangu asubuhi hadi jioni. Ukifanya kazi naye ilibidi mikono yako ijue Kipunjabi, upende usipende.

Siku yangu ya kwanza nilionyeshwa mkono wa Mzee Nzioka, mpishi wa kambi. Ulikuwa na vidole vitatu. Zamani yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa Mistri, na siku moja kamba ilipokuwa inarudi kwenye winchi Mistri alipiga kelele, "Chhad!" Maana yake ni achilia. Nzioka hakulijua neno hilo, akadhani anahimizwa, akakaza mkono. Tangu hapo akahamia jikoni, na kila kijana mpya alipelekwa kwake kwanza. Mistri mwenyewe hakufundisha mtu neno hata moja. Kwa maoni yake, mwenye masikio atasikia.

Darasa la Nzioka lilikuwa kando ya chungu cha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Aliniketisha na sufuria tupu, akawa ananitupia neno ghafla huku anapepeta mahindi. Chak, nainua sufuria. Phar, naishika kwa nguvu. Chhad, naiachia ianguke. Ruk, nasimama kama nilivyo hata kama nilikuwa najikuna. Hauli ni polepole, hor ni ongeza, mar ni gonga. Bas ni basi, na hilo nililipata bila mwalimu. Nikichelewa kidogo Nzioka ananipiga mwiko, kisha ananionyesha vile vidole vitatu. Alitaka neno likipita masikioni liende moja kwa moja mikononi, lisikae kichwani kuulizwa maswali. Wenzangu walinicheka nikitembea kambini nikiinua na kuachilia hewa. Baada ya miezi kadhaa hata usingizini mtu angesema chak ningeinua blanketi.

Matusi nayo nilijifunza, na mapema. Mistri alikuwa nayo ya kutosha: ya mama, ya dada, na mengine ya wanyama ambao sijawahi kuwaona Ukambani. Nawaambia hili sasa ili mjue kwamba nilipokuja kusimama mbele ya watu nikasema huyu hakutukana, nilikuwa mtu anayeyajua matusi yake yote.

Msidhani naandika habari za malaika. Nilikuwa na mke na mtoto, Mistri akiniita munda, yaani kijana, jinsi unavyomwita mchunga mbuzi. Mara moja kwa mwezi lori lilipokwenda yadi Kibwezi alinituma nyumbani kwake na mboga na kuku, na mkewe, Mama Balbir, alinipa chai kwa kikombe cha bati kilichokaa peke yake dirishani. Vya kabatini vilikuwa vya wenyewe. Nilikinywea miaka yote hiyo, na hata leo sijasahau.

Ila hapo mlangoni kwa Mama Balbir ndipo nilipopata Kipunjabi cha watu, kisicho cha chuma. Yeye hakujua Kiswahili wala Kikamba, na mimi sikujua maneno mengine ila inua na achilia, kwa hiyo tulitazamana siku nyingi. Alinianzia kwenye salamu. Sat sri akal, ukifika na ukiondoka. Ki haal ai, habari yako, nawe unajibu thik ai, nzuri, hata kama una malaria. Pani ni maji. Chah ni chai, na hapo tulicheka wote wawili. Tulipozidi kuchimba tukayakuta maneno ambayo tayari yalikuwa kwetu: dunia, kitabu, sabuni, kalamu. Alionyesha sabuni akaitaja, nami nikaitaja, akaniangalia kama mtu aliyenishika na mali yake. Kila nilipofika, kabla mboga hazijashushwa, aliuliza, "Roti khadhi?" Maana yake ni umekula? Ukisema hujala unawekewa chapati mbili na dengu, kando ya kile kikombe cha bati.

Mistri aligundua siku nilipomsalimia kwa lugha yake asubuhi, salamu nzima na heshima zake. Alijishika ndevu, akauliza ni nani amenifundisha kuongea kama mwanamke. Lakini tangu siku hiyo alianza kunisemesha wakati injini imezimwa. Alinishikisha kamba ya waya ikiwa kazini, kiganja wazi, akanieleza kwa Kipunjabi chake cha mdomo uliojaa ndevu kwamba kamba inasema. Ikitetemeka kwa ukali patasi iko juu ya jiwe zima. Ikilegea na kuvuta uji umekuwa mzito, ongeza maji upesi, la sivyo patasi itashikwa huko chini na hutaiona tena. Alinifundisha kunoa patasi tanuruni, yeye upande huu mimi upande ule, nyundo zinapishana, mar, mar, bas. Hakuna anayenoa patasi namna hiyo siku hizi, mnaagiza mpya. Sitaki kusema alinipenda. Alinifundisha kwa sababu mkono mjinga karibu na shimo lake ulimuudhi, na mimi nilikuwa mkono wa karibu. Sijawahi kupata mwalimu mwingine.

Tulikuwa kijiji cha Nuu jambo lenyewe lilipotokea. Ulikuwa mwaka wa jua, silanga zote, yaani mabwawa ya mvua, zimekauka na kupasuka, na wanawake wa kanisa la pale walikuwa wakitembea tangu alfajiri kufuata maji ya mchanga mtoni. Shimo letu lilikuwa limeshuka sana na lilikuwa kavu. Kila jioni wanawake hao walipita kando ya mashine na madebe mgongoni, wakisimama kidogo kuuliza. Mistri aliwajibu kwa Kikamba kwamba jiwe la Nuu lina kiburi lakini yeye ana kiburi zaidi. Walimcheka na kumwombea, wakimtaja kwa jina katika ibada zao.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuja kwamba asiye raia asifanye kazi ambayo mwananchi anaiweza. Mistri alikuwa ameomba uraia, akaambiwa angoje, akangoja akiwa porini kama sisi. Kibali chake kilikuwa kinakwisha. Kampuni ingeweza kumwombea kingine kwa kusema ukweli tu, kwamba hakukuwa na mchimbaji mwingine wa mashine ile. Lakini meneja wetu wa wakati ule alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake, na mimi nilikuwa rahisi kuliko Mistri. Akamleta afisa wa vibali Nuu kwa Landrova aje ashuhudie mwananchi anayeweza. Ujumbe ulifika siku moja mbele, pamoja na unga na dizeli. Ulisema mimi, Kilonzo, nitaendesha mashine peke yangu mbele ya afisa, na Mistri akae kando, asiseme neno.

Mchana ule tulikuwa tanuruni tukinoa patasi. Niliona afadhali nimwambie kwa lugha yake ili wengine wasisikie. Nikamwambia kesho nitaharibu. Nitaacha uji uwe mzito, mashine isimame, wamuone Mwafrika ameshindwa waende zao, naye abaki. Sikuwa najitoa sadaka, msinielewe vibaya. Nilikuwa naogopa kubaki na shimo lile peke yangu, na pia niliona ni haramu mtu kufukuzwa kwa sababu amefundisha. Mistri alitazama chuma kilichokuwa kimeiva, akasema, "Mar." Nikagonga.

Afisa alikuja na viatu vyeupe. Alikuwa kijana wa rika langu, mpole, mwenye tai, na sikuona ubaya wowote usoni mwake. Wanawake wa kanisa walikuwa wamekuja kutazama, wamekaa kwenye kivuli cha lori na madebe yao. Mistri alisimama kando ya tangi la dizeli, mikono nyuma. Nikawasha injini, nikaiachia patasi, nikashika kamba.

Nilianza vizuri kama tulivyopanga mimi na nafsi yangu. Kisha nikaacha kumwaga maji. Kamba ikaanza kulegea na kuvuta, nikajifanya sioni. Nilikuwa nimepima kwamba mashine itakoroma, nitaizima, nitajikuna kichwa, mambo yatakuwa yamekwisha. Lakini jiwe la Nuu halikuwa kwenye mpango wangu. Ule uji ulikaza ghafla kuliko nilivyotazamia, kamba ikaruka mkononi, mlingoti ukalia, nikajua patasi inashikwa. Ikishikwa pale shimo limekufa na miezi yote ya wale wanawake imekufa nalo. Nilijua la kufanya, lakini nilikuwa nimeganda, maana nilikuwa nimeuambia mwili wangu usifanye.

"Hauli! Phar! Hor pani! Hor pani!"

Alikuwa Mistri, ameruka kutoka kando ya tangi, kilemba kimelegea, anapiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata kwake. Mikono yangu ilimtii kabla sijaamua lolote. Nilipunguza mwendo, nikashika breki, nikamwaga maji, nikamwaga tena, nikaichezesha kamba polepole jinsi alivyonifundisha, na patasi ikaachia. Mashine ikarudi kwenye mdundo wake. Wanawake wakapiga vigelegele. Afisa akapiga makofi. Meneja alikuwa anatabasamu tangu mwanzo.

Injini ilipozimwa afisa aliniita kando. Akaniuliza kwa upole, "Alikuwa anakwambia nini huyo?"

"Alikuwa ananielekeza, bwana. Alisema polepole. Akasema shika. Akasema ongeza maji."

Meneja akacheka. "Maji! Mtu atapiga kelele namna hiyo sababu ya maji? Huyu ametukana kijana, sisi tumezoea yeye."

Afisa akaniwekea mkono begani. "Ndugu yangu, usiogope. Hizo siku zimeisha. Hii nchi ni yetu sasa. Sema tu."

"Hiyo ndiyo kusema, bwana. Hakunitukana. Matusi yake nayajua."

"Sawa," akasema. "Tuseme ni maelekezo. Wewe umeyaelewa yote?"

"Ndiyo."

"Na ukafanya, na mashine ikapona?"

Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Basi umefundishwa ukafundishika," akasema. "Huyo mzee anabaki wa nini?"

Kama alitukana, aende kwa sababu anatukana. Kama hakutukana, aende kwa sababu nimemwelewa. Nimeligeuza swali hilo miaka yote na bado sijaona mlango. Mistri aliulizwa kama ana la kusema, akasema alikuwa akisema kazi tu, kisha akachukua kitambaa akaanza kupangusa spana na kuzirudisha mahali pake.

Landrova lilipoondoka nilimfuata nikiwa na hasira. Nilimuuliza kwa nini hakukaa kimya kama alivyoambiwa, dakika chache tu, abaki na kazi yake na nyumba yake. Alinijibu kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia kwa watu wa dukani.

"Shimo haina makosa, Kilonzo. Wale mama wanataka maji. Wewe ulitaka kuua shimo ya watu sababu ya mimi?"

Maji yaliingia shimo lile majuma machache baadaye, mimi nikiwa nimeshika kamba peke yangu. Yalikuwa matamu, hayana chumvi, jambo la nadra upande ule. Mheshimiwa alikuja kufungua, akaweka jiwe lenye jina lake. Mchungaji alimshukuru Mungu, serikali, kampuni na mheshimiwa. Kisha akahubiri jinsi Bwana alivyomwondoa mgeni mwenye kiburi aliyekuwa akiwatukana wana wa nchi, hata maji yakatoka. Nilisimama katikati ya ibada kusema si kweli. Mzee wa kanisa akaanzisha wimbo, na wote wakaimba, hata wale wanawake waliokuwa wakimwombea kwa jina. Tangu siku hiyo nikienda kanisani nakaa karibu na mlango.

Familia ya Mistri ilipewa muda mfupi wa kufunga virago. Nilikwenda Kibwezi kusaidia kupakia, na nilikuwa nimejiandaa kukasirikiwa. Vitanda vilikuwa nje, viti vimeuzwa, jiko limebebwa na jirani aliyelinunua, dirisha liko tupu. Mama Balbir alitoka ndani akiwa na kitambaa kichwani na macho mekundu. Aliniona, na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa mazoea, "Roti khadhi?" Kisha akakumbuka kwamba hakuna jiko wala unga wala sahani, akabaki amesimama. Nikamjibu khadhi, nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilibeba kitanda nikakipeleka kwenye lori ili asinione uso. Mistri alinipa mkono, akaniambia niwe naangalia breki ya winchi kila asubuhi, akapanda mbele karibu na dereva.

Walikwenda Uingereza. Kwa muda nilipata habari zao kwa shemeji yake aliyekuwa na lori la mizigo barabara ya Mombasa. Mistri alikuwa anafagia kiwanda fulani cha mikate, mtu aliyeweza kulisikia jiwe kwa kiganja. Baadaye shemeji naye aliondoka. Asante ya punda ni mateke, na teke hilo tulilipiga sisi, tukaliita maendeleo.

Miaka iliyofuata nimechimba kutoka Mwingi hadi Mtito Andei. Visima vingine vilitoa maji, vingine chumvi, na vilivyotoa maji mazuri zaidi mara nyingi vilikuwa vimepimwa ndani ya shamba la mtu mkubwa. Nilifundisha wasaidizi wengi, na kwa kuwa nilifundishwa hivyo nami niliwapigia kelele kwa Kipunjabi. Walidhani ni lugha ya mashine. Yuko mzee mmoja Ikutha mpaka leo akimwambia punda asimame anasema ruk.

Kisha juzi juzi, mashine ile ya kugonga ikauzwa kwa kilo kama vyuma vikuukuu, na ya hewa ikaletwa kwa meli kutoka India pamoja na mafundi wanne. Mnawajua. Mkubwa wao ni Jaspal, kijana asiye na makuu. Hawakujua Kiswahili, na mtu akakumbuka kwamba Mzee Kilonzo anajuajua maneno yao. Hivyo ndivyo nilivyomalizia kazi yangu: niliyechimba miaka yote hiyo nikapewa kofia mpya na kuambiwa nikae karibu na Jaspal nimtafsirie. Siku ya kwanza nilimsalimia, akainama akanigusa magoti kwa heshima kama mtoto wa nyumbani. Aliniambia Kipunjabi changu ni cha kijijini cha zamani, kwamba hajasikia mtu akisema hivyo tangu babu yake afariki. Nililazimika kuondoka nikaangalie matairi ya lori.

Nilikuwapo pia afisa wa vibali alipokuja yadi kwa ajili ya hao wanne. Si yule wa zamani, lakini tai ilikuwa tai. Meneja wa sasa alimwambia hakuna mwananchi anayeiweza kazi hii. Afisa akanitazama akauliza, na huyu mzee? Meneja akasema, "Huyo ni mkalimani wetu." Nikasema mimi ni mchimbaji. Afisa akaniambia vizuri, mzee, vizuri sana, akaendelea na soda yake. Vibali vilitoka bila taabu. Jaspal simchukii, hajanikosea kitu. Lakini nilienda nyumbani siku hiyo nikamwambia mke wangu kwamba nchi hii ilimfukuza Mistri kwa sababu mimi naweza, na leo imeniweka kando kwa sababu siwezi, na katikati hapo hakuna mtu aliyewahi kuangalia mikono yangu. Akaniambia nile kwanza.

Halafu mkaja ninyi. Mlitaka niwafundishe maneno ya Jaspal ili mwelewane naye juu ya shimo, nami nikakataa mara tatu, mkaniita mchoyo. Nilisikia. Meneja naye aliwaambia mjifunze upesi, kwa kuwa mkishaweza ataokoa gharama nyingi. Aliyasema hayo akicheka, Jaspal akiwa kando anacheka naye bila kuelewa, kwa sababu sikumtafsiria.

Maneno mliyoyataka yote yamo humu, kama mmesoma bila kuruka mistari. Yachukueni. Mtayahitaji, vidole havioti tena. Lakini siku Landrova litakapokuja, na mtu mpole mwenye tai akuwekee mkono begani akuulize kama unaiweza kazi ya Jaspal, usikimbilie kusema ndiyo hata kama ni kweli. Muulize kwanza Jaspal ataenda wapi. Nuu hakuna aliyeuliza hivyo juu ya Mistri, na sasa sina wa kumuuliza mwisho wake ulikuwaje.